Perege Wawili Kigamboni

Shangazi yangu amekaanga samaki na chipsi pale Mikumi, kando ya barabara kuu, kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo wote hakuwahi kuiona bahari. Hakuona kama amepungukiwa na chochote. Samaki wake wanatoka mto Kilombero. Wanapakiwa Ifakara, wanapita Kidatu na Ruhembe katikati ya miwa, na asubuhi mapema wako kwenye beseni lake. Viazi vinashushwa kutoka kwenye malori ya Njombe yanayokwenda Dar es Salaam. Kila kitu kinapita mlangoni kwake, husema, sasa atoke aende wapi?

Aliyevuruga mambo ni mteja mmoja, mama wa mjini aliyekuwa anarudi kutoka kuangalia wanyama mbugani na familia yake. Alikula perege mzima, akanawa, akasifu, halafu akasema, "Samaki wako mtamu, mama. Ila nenda siku moja ukale samaki na chipsi wa baharini. Wale ni kitu kingine." Akamwelekeza mkahawa mmoja Kigamboni, ufukweni kabisa, ambako samaki anachovywa kwenye rojo la unga, anakaangwa, anafungwa kwenye karatasi.

Mimi sikuwepo. Ninafundisha shule ya msingi Kilosa mjini, na habari hiyo niliipata kwa simu jioni ile ile. Kesho yake niliipata tena. Keshokutwa pia.

"Kitu kingine," shangazi alisema. "Kitu kingine maana yake nini? Samaki si samaki?"

"Labda alikuwa anapiga soga tu, shangazi."

"Hapana. Alinionea huruma. Nilimwona usoni."

Nilidhani yatapita. Lakini shule zilipofungwa mwezi wa sita alinipigia asubuhi, kabla sijaondoa chandarua kitandani. "Leo nakuja kwako. Kesho tunapanda treni ya umeme. Tunakwenda kula." Sikubisha. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano, na kuanzia hapo ada zangu zote zilitoka kwenye karai la shangazi. Akisema twende, naulizia tu tunaondoka saa ngapi.

Alifika Kilosa mchana, na kanga mpya bado ina harufu ya dukani, na mkoba, na hotpoti ya rangi ya pinki. Alfajiri nikasikia mafuta yanachemka jikoni kwangu. Nilipotoka nikamkuta anageuza perege wawili waliokwisha kuwa wekundu.

"Shangazi, si tunakwenda kula samaki?"

"Ndiyo."

"Sasa hawa ni wa nini?"

"Wa kulinganishia," akasema, akawalaza ndani ya hotpoti kama watoto.

Ndani ya treni alikaa dirishani. Alishangaa jinsi tulivyoondoka bila kutikisika, kisha akaanza kulalamikia baridi ya kiyoyozi. Alijifunika kanga hadi puani. "Humu mtu anahifadhiwa kama nyama," akaniambia. Milima ya Uluguru ilipoanza kujitokeza upande wa Morogoro aliacha kulalamika akaitazama, halafu akalala, amekumbatia hotpoti. Niliomba Mungu asiifungue. Nawajua perege wake. Behewa zima lingejua.

Kutoka stesheni ya Dar es Salaam tulichukua bajaji hadi Feri, tukaingia kwenye pantoni pamoja na watu, pikipiki, magari na mikokoteni ya nazi. Shangazi alishika chuma cha pembeni, akachungulia maji.

"Ndiyo bahari hii?"

"Ndiyo, shangazi."

Akaangalia upande wa pili, ambako majengo ya Kigamboni yalikuwa yanaonekana vizuri kabisa, hadi nguo zilizoanikwa. "Mto Mkondoa ukifurika unakuwa hivi hivi," akasema. Nilijaribu kumweleza kwamba ule ni mlango tu wa bandari, bahari yenyewe iko nje huko, lakini alikwisha kuweka moyoni kwamba watu wa pwani wanatia chumvi katika mambo yao.

Mkahawa wenyewe ulikuwa banda la makuti lenye sakafu ya saruji, upande mmoja wazi kabisa kuelekea ufukweni. Upepo ulikuwa unaingia na kupeperusha vitambaa vya meza. Watu wote walikuwa wamekaa wakiitazama bahari. Shangazi alizunguka, akachagua meza ya nyuma inayotazama dirisha la jikoni, akakaa akiipa bahari mgongo.

"Shangazi, geuka basi uone."

"Bahari haiendi popote. Nataka kuona yule mpishi anashikaje kijiko."

Dada mhudumu alikuja, akatoa shikamoo kwa adabu, nikaagiza samaki na chipsi kwa watu wawili. Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha shangazi, palikuwa na kibao: Chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Nilikisoma mara mbili. Hotpoti ilikuwa chini ya meza, katikati ya miguu yetu.

Chakula kilikuja kwenye karatasi nyeupe, pamoja na ndimu iliyokatwa na chupa ndogo ya siki. Samaki alikuwa kipande kikubwa, cha rangi ya dhahabu, kimevimba kama andazi. Shangazi alikigeuza. Akakigeuza tena, akainua na karatasi.

"Mwanangu," akamwita mhudumu, "kichwa chake kiko wapi?"

"Bibi, sisi tunauza minofu tu."

"Na kichwa anakula nani?"

Yule dada akacheka, akaziba mdomo. "Sisi, bibi. Tunapika supu ya wafanyakazi."

"Mna akili," shangazi akasema. Akanawa, akasema bismillah, akakimega kile kipande.

Ganda likapasuka kwa sauti. Ndani nyama ilikuwa nyeupe, inatoa mvuke, inaachana yenyewe vipande vipande. Alitia mdomoni, akatafuna polepole, akafumba macho. Nilikuwa namwangalia kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo. Alimeza. Akachukua kipande kingine, safari hii bila kuniangalia. Hakuacha hadi karatasi ikabaki na vipande vya ganda tu.

"Yule mama hakudanganya," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwonea huruma kweli. Miaka thelathini mtu anasifiwa na madereva wa nchi nzima, halafu anasafiri kwa hiari yake kwenda kuambiwa na ulimi wake mwenyewe kwamba kuna anayemzidi. Lakini yeye alikuwa ameshachukua chipsi moja, anaikunja kwa vidole viwili, anaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ya kahawia, nyeusi kidogo kwenye pembe. Akaila. Uso wake ukaanza kuchangamka.

"Hee," akasema. "Hivi viazi vinaumwa."

Na hapo, kabla sijamzuia, akainama, akaiweka hotpoti mezani, akafungua kifuniko. Harufu ya perege wa Kilombero, wa vitunguu saumu na ndimu na pilipili ya kusaga, ikatoka na kutembea meza kwa meza. Watu waliokuwa wanaitazama bahari wakageuka.

Dada mhudumu alikuja mbio kidogo. "Bibi, samahani sana," akasema, akionyesha kibao ukutani. "Chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Mwanangu, hiki si chakula. Hiki ni kipimo."

Yule dada aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia siki. Akaona hana msaada, akaenda kumwita bosi wake.

Alitoka jikoni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, amevaa aproni, miwani yake imeingia ukungu wa mvuke. Nilijiandaa kuomba radhi. Nilikuwa nimeshapanga maneno: tumetoka mbali, ni mtu mzima, tutaondoka sasa hivi.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Kaa."

Akakaa, kwenye kiti chake mwenyewe, katika mkahawa wake mwenyewe, kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Shangazi akamsogezea hotpoti. Alichukua uma.

"Weka uma chini. Huyo ana miiba, utaumia. Tumia mkono."

Alinawa kwa maji ya kunywa yaliyokuwa mezani, akamega mgongoni, akala. Akamega tena. Akachambua shavu la samaki kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu aliyesahau kwamba ana wateja.

"Umekaanga wewe, mama?"

"Mimi. Alfajiri, Kilosa. Amepoa sasa, usimhukumu."

"Mimi nimejifunza kazi hii Ulaya," akasema. "Miaka ishirini, katika mji wa pwani kule, baridi usipime. Kazi ilikuwa hiyo hiyo, samaki na chipsi asubuhi hadi jioni. Nikarudi, nikasema nifungue cha kwangu."

"Mimi nimezaliwa Ulaya," shangazi akasema.

Mwenye mkahawa akasimamisha mkono. Akaitazama kanga, akazitazama ndala, akanitazama mimi. "Ulaya ya wapi, mama?"

"Ulaya ya Kilosa. Ukitoka Mikumi kwenda Kilosa unapita katikati yake. Tuna zahanati na kila kitu."

Alicheka hadi akavua miwani kujifuta macho. Shangazi hakucheka, maana mzaha huo ameutumia maisha yake yote na anajua muda wa kusubiri. Alipoona ametulia, akachukua chipsi moja kutoka kwenye karatasi yangu, akamwekea mbele.

"Sasa niambie. Viazi unaviweka wapi?"

Cheko likamtoka usoni. Alisogeza kiti. Akasema hilo ndilo linalomnyima raha tangu afungue: samaki watu wanamsifu, chipsi wanaziacha. Amebadilisha mafuta, amebadilisha moto, amebadilisha aina ya viazi, bado vinakuwa vyeusi nje na ndani vibichi. "Viazi naviweka kwenye friji, mama. Joto la hapa unalijua."

"Ndipo penye ugonjwa," shangazi akasema. "Kiazi kikilala kwenye baridi kinakuwa kitamu kama kiazi kitamu. Ukikitia kwenye mafuta kinaungua rangi kabla hakijaiva. Mimi nilinunua friji, nikasema sasa nimeendelea, nikaliharibu gunia zima. Friji lile naweka soda. Viazi viweke kivulini, chini, kwenye gunia linalopitisha hewa, uvimalize ndani ya wiki."

"Basi? Hilo tu?"

"Hilo kwanza. Mengine yako jikoni."

Wakainuka. Yule bwana alimfungulia mlango wa jikoni, shangazi akapita bila kuangalia nyuma, na mimi nikabaki na hotpoti, karatasi mbili na bahari yote peke yangu.

Nilikaa pale karibu saa mbili. Kupitia dirishani nilikuwa nawaona nusu nusu. Kulikuwa na gunia lililoletwa asubuhi ile, halijaingia kwenye friji bado. Shangazi alikuwa anakata, anaosha mara tatu, anakausha kwa kitambaa, anakaanga kwa moto mdogo, anatoa, anapumzisha, anarudisha kwenye moto mkali. Kisha zamu ikageuka. Yule bwana alimwaga unga wa ngano, akatia maji ya baridi sana yenye gesi, akakoroga kidogo tu na kuacha madonge. Nilimwona shangazi amenyoosha mkono kutaka kuyamaliza yale madonge, na yule bwana akauzuia mkono wake, kwa heshima lakini akauzuia. Wakabishana. Wakakaanga. Wakaonja wamesimama, wanapuliza vidole. Dada mhudumu aliniletea sahani ya chipsi za rangi ya majani makavu ya mahindi. Nilizimaliza zote.

Shangazi alipotoka alikuwa bado amevaa aproni ya watu.

"Haya," akasema. "Sasa twende tukaione hiyo bahari."

Tulitembea kwenye mchanga, ndala mkononi. Yeye alikuwa mbele, anaendelea kuongea kuhusu madonge, kwamba eti ndiyo yanayolifanya ganda liwe jepesi, nani angejua. Tukapita mivinje ya mwisho. Akaacha kuongea katikati ya sentensi.

Maji yalikuwa yamejaa, ya buluu hadi macho yanapokoma. Alisimama muda mrefu, kanga inampiga miguuni.

"Haina ng'ambo," akasema.

Maji yote aliyowahi kuyaona maishani yana ng'ambo. Mkondoa unayo, Kilombero unayo hata ukifurika, mashamba ya mpunga ya Tindiga yakijaa maji unaona mitende upande wa pili. Akasogea mbele hadi wimbi likamfika magotini, akalishika gauni kwa mkono mmoja. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Kweli ni chumvi! Mimi nilidhani wanasema tu." Akafikiri kidogo. "Sasa mbona samaki wake inabidi umtie nyingine?"

Halafu akakunja mikono ya gauni, akaizamisha mikono yake ndani ya maji hadi viwikoni. Mikono ile naijua tangu utotoni. Ina madoa madogo meusi kuanzia vidoleni, kila doa tone la mafuta lililoruka. Aliisugua na mchanga, polepole, na wimbi likija analiacha lipite. Nilitaka kupiga picha, nikaona haya, nikairudisha simu mfukoni.

"Samaki wa humu ana haki ya kuwa mtamu," akaniambia tulipokuwa tunarudi. "Ametembea."

Hakukuwa na kinyongo sautini. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitarudi na mtu aliyevunjika moyo, na nilikuwa narudi na mtu aliyekuwa na haraka ya kufika nyumbani akajaribu. Njia nzima hadi Kilosa alinieleza mpango wake, mara hii bila hata kukumbuka baridi ya kiyoyozi.

Mpango ulianza kukwama wiki ile ile. Perege ndani ya rojo ni jambo la hatari: ganda linaficha miiba, na dereva mmoja wa lori alikohoa hadi wenzake wakampiga mgongoni. Wengine walikataa hata kuonja. "Mama, samaki umemvalisha koti, anakwenda wapi?" aliulizwa. Mzee mmoja anayeshuka kwa basi kila mwezi alimrudishia sahani. "Mimi simli samaki nisiyemwona macho," akasema, akaomba mayai. Aliyefurahia kwa dhati ni nyani mmoja aliyeruka kutoka kwenye paa la jirani, akanyakua kipande cha moto, akakitupa, akakisubiri kipoe, akakila chote.

Shangazi alishikilia siku kumi. Kisha akajaribu kwa kambale, ambaye miiba yake ni michache na nyama yake haina maneno mengi. Hapo ikakubali. Siku hizi abiria wanaokwenda Iringa wanaulizia "yule wa unga", na perege anaendelea kukaangwa kama zamani, na macho yake.

Yeye na yule bwana wa Kigamboni walikuwa wanapigiana simu. Nilijua hilo, ila sikutegemea kumkuta. Jumamosi moja nilikwenda Mikumi kumsalimia shangazi, nikaona gari geni limeegeshwa, na nyuma ya karai, kwenye kigoda kifupi mno kwa mwili wake, mwenye mkahawa anamenya viazi. Alikuwa amekuja na mkewe na binti zake wawili kuangalia wanyama. Walipita kusalimia tu, kwa dakika kumi. Familia ilipoinuka kwenda mbugani yeye akasema watangulie, atawafuata. Hiyo ilikuwa asubuhi.

"Chipsi vipi siku hizi?" nikamuuliza.

"Hazibaki," akasema bila kuinua macho. "Nimeliuza lile friji. Lakini huyu mama ana kitu anakifanya kwenye pilipili hataki kuniambia."

"Menya," shangazi akasema.

Mkewe na mabinti walirudi jua likiwa bado juu, wamejaa vumbi, wana picha za tembo na twiga na kiboko aliyeonyesha pua tu. Mabinti walimwonyesha baba yao simu, akasema vizuri, vizuri sana, akageuka kuangalia karai. Mkewe alisimama pembeni na kofia yake mkononi, akamtazama mumewe, akatazama lundo la maganda, akamtazama shangazi.

"Dakika tano tu, mke wangu," akasema. "Mafuta ndiyo kwanza yamekaa sawa."

"Ulisema hivyo asubuhi."

Shangazi alikwisha kuvuta kigoda kingine, akakifuta kwa ncha ya kanga. "Karibu, mwanangu, keti," akamwambia mke wa yule bwana, akampa kisu na ndoo. "Anza na hivi vikubwa."

Akaketi, akakunja mikono ya shati, akaanza kumenya.